Mgomba Hauachi Mbegu



Niliombwa niseme juu ya elimu na kazi. Mtaniwia radhi, nitasema juu ya ndizi.

Atakaye kujua watu wa kale walilima nini hutafuta kwanza mbegu zilizoungua motoni. Mtama huziacha. Lakini ndizi tulazo hazina mbegu, na mgomba huoza wote. Je, aliyeupanda asijulikane? La. Mgomba ungali hai hunyonya ardhini madini yale yale yafanyayo mchanga, nayo huganda majanini yakawa vijiwe vidogo mno, viitwavyo fitolithi. Jani huoza, kijiwe hudumu maelfu ya miaka. Wataalamu huusafisha udongo kwa dawa, wakatazama kwa hadubini: kijiwe cha mgomba ni mfano wa mlima wa volkeno, na shimo lake kileleni.

Huko Nkang, kusini mwa Kameruni, vilionekana katika mashimo ya takataka ya zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Habari ilitangazwa mwaka 2000. Na kwa kuwa mgomba wa ndizi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea, wala haumei porini Afrika, palipo na kijiwe chake palikuwa na mkulima. (Taabu ni ensete, nduguye mgomba, mwenyeji wa Afrika, ambaye vijiwe vyake hukaribia kufanana.)

Mwaka 2006 vikatangazwa vya Munsa, Uganda, kutoka matope ya kinamasi, vya zaidi ya miaka 5,000. Kwetu mlo usio na ndizi si mlo, hivyo ningependa sana iwe kweli. Lakini wataalamu wengine wamebisha, juu ya kuvitambua vijiwe na juu ya umri wa matope. Nami nasubiri pamoja nao.

Mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni ardhi. Nimetia sahihi michoro mingi ya barabara. Mwaka jana mzee mmoja alinipeleka penye shimo la takataka la kale, lililokatwa na katapila kwa sahihi yangu. Kilichobaki ni ukingo mweusi wenye vigae. Udongo wenyewe ulikwisha kushindiliwa barabarani.

Vijana, naambiwa mtachimba msingi wa bweni jipya. Mkikuta udongo mweusi wenye vigae, wekeni jembe chini, mkamwite mwalimu wa historia.