Mtoto Mwenye Kisukari na Mwalimu Wake

Mzazi unayetusikiliza, kisukari aina ya kwanza hakiletwi na pipi wala kurogwa. Kinga ya mwili imeharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, kwa hiyo mtoto atadungwa insulini kila siku, hata akionekana mzima. Usimwachishe insulini ili umpe mitishamba. Bila insulini mtoto hufa. Nalisema hili kwa uchungu.

Na mwalimu wake je, anajua? Mtoto akitetemeka, akatokwa jasho, akaanza kusema ovyo, huenda sukari imeshuka: apewe papo hapo maji yenye vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari. Akizimia, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Tafadhali, kesho asubuhi nenda shuleni ukamweleze mwalimu.