Folda ya Pamoja Inapotoweka: Kuitafuta Njia Bila Kubomoa Ulinzi

Mada kwa Watendaji wa Kata, watunza kumbukumbu na watumishi wa mapokezi

Mwananchi anayefika ofisini kufuatilia barua ya kiwanja chake hana haja ya kujua kwamba barua hiyo imehifadhiwa kwenye kompyuta ya masjala, wala kwamba kompyuta ya mapokezi huifikia kupitia mtandao mdogo wa ofisi. Anachojua ni kwamba ameacha shughuli zake, amelipa nauli, na sasa anaambiwa, "Mtandao hakuna, njoo kesho." Mada hii inahusu jibu hilo, na namna ya kulifanya lisihitajike.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: folda inapoacha kuonekana, mara nyingi mafaili hayajapotea. Yako palepale kwenye kompyuta inayoyatunza. Kilichokatika ni njia ya kuyafikia. Njia hiyo ina vituo vinne: waya, anwani, mlango na utambulisho. Mtumishi anayevikagua kwa utaratibu, kimoja baada ya kingine, huiona hitilafu mapema kuliko yule anayebonyeza huku na huko kwa kubahatisha.

Kabla ya kugusa chochote, yaulizwe maswali mawili. Je, ni kompyuta moja tu isiyoiona folda, au ni zote? Ikiwa ni moja, uchunguzi uanzie hapo. Ikiwa ni zote, uanzie kwenye kompyuta ya masjala au kwenye kifaa kinachoziunganisha. Swali la pili: ni kitu gani kimebadilika tangu jana? Umeme ulikatika, rauta mpya imefungwa, nywila imebadilishwa, au kompyuta imejisasisha usiku? Jibu la swali hili aghalabu ndilo nusu ya tiba.

Kituo cha kwanza ni waya. Kompyuta ya masjala imewashwa? Au imejilaza ili kuokoa umeme? Kompyuta iliyolala haiwezi kumpa mwenzake faili. Swichi ya mtandao imerudi baada ya umeme kukatika? Taa ndogo penye tundu la waya zinawaka? Haya ni maswali mepesi, na kwa sababu ya wepesi wake husahaulika.

Kituo cha pili ni anwani. Kwenye kompyuta ya Windows, amri ya ipconfig huonesha namba inayoitambulisha kompyuta ndani ya mtandao. Katika ofisi nyingi ndogo, kompyuta yenye 192.168.1.10 na yenye 192.168.1.15 ni majirani wa mtaa mmoja. Lakini yenye 192.168.0.15 iko mtaa mwingine. Hali hiyo hutokea pale mtumishi mmoja anapounganishwa kwenye rauta nyingine, au anapotumia intaneti ya simu yake. Namba ikianza na 169.254, maana yake kompyuta haikupewa anwani na rauta, ikajipa yenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea: kompyuta mbili zinaweza zote kupata intaneti vizuri na bado zisionane. Kupata intaneti si ushahidi kwamba mtandao wa ndani uko sawa.

Kituo cha tatu ni mlango. Mtumishi aandike alama \\ ikifuatiwa na jina la kompyuta ya masjala. Ikishindikana, aandike alama hiyo hiyo ikifuatiwa na namba ya anwani yake. Folda ikifunguka kwa namba na kukataa kwa jina, basi folda ni nzima. Tatizo ni jina kutotambulika. Ikikataa kwa vyote viwili, itazamwe aina ya mtandao iliyochaguliwa kwenye mipangilio. Windows hutofautisha mtandao wa umma na mtandao wa faragha, na kwenye ule wa umma huificha kompyuta isionekane na wenzake. Rauta inapobadilishwa, Windows inaweza kuuona mtandao kuwa mgeni na kuuweka katika kundi la umma. Tiba yake ni kuurudisha mtandao wa ofisi katika kundi la faragha, si kuizima programu ya ulinzi.

Kituo cha nne ni utambulisho. Kompyuta ikiomba nywila au ikisema hakuna ruhusa, hiyo ni habari njema: njia imefika hadi mlangoni. Huenda nywila imebadilishwa masjala huku kompyuta ya mapokezi ikiendelea kutumia ya zamani iliyohifadhiwa. Ikumbukwe pia kwamba folda ina ruhusa za aina mbili, za kushirikisha na za folda yenyewe. Zinapotofautiana, ile iliyo kali zaidi ndiyo inayotawala kwa anayeingia kupitia mtandao.

Ndugu watumishi, yako mabadiliko yaliyofanywa kwa makusudi. Mwezi Mei 2017, programu haribifu ya WannaCry ilisambaa duniani na kuvuruga hata hospitali nchini Uingereza, ikipitia udhaifu katika toleo la kwanza la SMB, yaani utaratibu ambao Windows hutumia kushirikishana mafaili. Mwaka huo huo, Windows 10 ilianza kutoka bila toleo hilo kusakinishwa moja kwa moja. Windows 11 nayo, katika sasisho kubwa la 2024, iliongeza masharti ya uthibitisho katika miunganisho hii. Kwa hiyo kompyuta mpya inapokataa kuzungumza na kifaa cha zamani, au inapoikataa folda isiyo na nywila, si lazima kuwa imeharibika. Huenda inatimiza wajibu wake.

Hapa ndipo penye hatari. Kuzima ulinzi, kurejesha toleo la kwanza la SMB au kuifungua folda kwa kila mtu kunaweza kuyarudisha mafaili kwa dakika tano, na kuyaacha wazi kwa miaka mitano. Ndani ya folda hizo mna majina, namba za simu na maelezo ya kaya, ambayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka yalindwe. Njia ya flashi nayo huzaa orodha mbili za jambo moja: ya masjala na ya mapokezi, na baada ya wiki hakuna ajuaye iliyo sahihi. Tiba iliyo salama ni kila mtumishi kuwa na akaunti na nywila yake, na vifaa vilivyopitwa na wakati viripotiwe kwa Afisa TEHAMA.

Kila ofisi iwe na ukurasa mmoja wa daftari unaoonesha jina la kila kompyuta, anwani yake, folda inazoshirikisha na watumishi walioruhusiwa. Nywila zisiandikwe humo.

Na wakati uchunguzi ukiendelea, mwananchi asirudishwe nyumbani. Barua yake iko kwenye kompyuta ya masjala, hatua chache kutoka mapokezi. Mtumishi anyanyuke, aende masjala, faili lifunguliwe pale pale, na mwananchi ahudumiwe.