Mtoto Akikoroma Kila Usiku: Nyama za Pua na Upasuaji Wake

Mazungumzo haya yanamhusu mtoto anayelala kinywa wazi na kukoroma kama mtu mzima. Wengi husema, "Karithi kwa babu yake." Huenda si urithi.

Nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa laini, kila mtoto ana vinyama vinavyosaidia mwili kupigana na vijidudu. Huwa vikubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7, kisha hunywea vyenyewe. Kwa baadhi ya watoto huvimba hadi vikaziba njia ya hewa. Daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen alivieleza na kuviondoa mwaka 1868, kwa mgonjwa aliyezibwa pua na kupungukiwa na kusikia.

Mtoto akiambiwa "fungua kinywa", vinyama hivi havionekani. Kinachoonekana ni kimio, nacho ndicho husingiziwa. Bado wapo wanaompeleka mtoto kwa fundi akikate. Kimio hakizibi pua! Kikikatwa, pua hubaki vile vile, na mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, hata kufa.

Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, mpate barua ya rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, kama vile katika Hospitali Kuu ya Pwani. Yeye hutazama kwa eksirei au kamera ndogo. Si kila mtoto hupasuliwa. Wengine hupewa dawa ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa, na nyumbani moshi upunguzwe: udi na ubani ni vizuri, lakini si katika chumba anamolala mtoto huyu.

Upasuaji huja dawa zikishindwa, pumzi ikikatika usingizini, au maji yakikaa nyuma ya kiwambo cha sikio, mtoto akaitwa mkaidi madrasa kumbe hasikii. Hupewa nusukaputi, vinyama vikatolewa kupitia kinywani, uso usiguswe kisu. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo au ya pili. Akitema damu mbichi au akimezameza mfululizo usingizini, arudishwe hospitali mara moja, hata usiku wa manane.

Tundu moja tu likiziba na kutoa usaha unaonuka, mara nyingi ni shanga au mbegu aliyojitia. Msiichokoe, mpelekeni itolewe.