Mikono na Miguu ya Aliyefiwa: Mhadhara Juu ya Msiba wa Mtoto



Nina hoja moja jioni hii. Mzazi aliyefiwa na mtoto tunamtuliza kwa maneno, kisha tunamtaka anyamaze. Lakini msiba wa namna hii hukaa mwilini, na mwili unadai kutembea, kuimba na kufanya kazi ya mikono. Wamasai, wenyeji wa nyika hii ya Kajiado, walilijua jambo hilo tangu zamani. Ni wajibu wetu kulipatia nafasi tena, mijini na vijijini.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, 41 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na 21 kati yao hawamalizi hata mwezi mmoja. Hesabu hiyo haiwagusi waliozaliwa wakiwa wamekwisha kufariki, wala mimba zilizoharibika.

Kitengela ni mji wa vijana waliokuja kutafuta riziki, wengi wao wapangaji, kila mmoja na kwao. Mtoto akifariki, safari ya mazishi huwa ya kwenda na kurudi. Mama anarejea kwenye ploti, na jirani aliyezoea kumbeba yule mtoto hajui aseme nini. Basi husema yale yanayosemwa siku zote: "Jikaze. Wewe bado kijana, Mungu atakupa mwingine." Baba haambiwi hata hayo, yeye huulizwa mama anaendeleaje. Kazini nako, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kama ilivyopitishwa, ilitoa likizo ya mwaka, ya uzazi na ya ugonjwa. Likizo ya kufiwa haikuwekwa. Mshona nguo kiwandani hubaki akitegemea huruma ya msimamizi wake.

Kimya si kigeni hapa. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamasai, alieleza kwamba mtoto, mwanamke au moran (shujaa kijana) akifariki, jina lake lilizikwa. Familia haikulitamka tena, na kitu chochote kilichoitwa kwa jina hilo kilipewa jina jipya. Mtu anaweza kudhani kwamba jamii hiyo ilimtaka mama asahau. Kabla ya kuhukumu, tutazame walichofanya wanawake wenyewe.

Matapato iko kusini mwa Kaunti ya Kajiado, upande wa Namanga. Huko ndiko Paul Spencer alikofanya utafiti wa kitabu alichokichapisha mwaka 1988, na humo ameeleza mikusanyiko ya wanawake ya kuombea uzazi. Kila baada ya miaka kadhaa, wanawake huacha kazi za boma, hujipanga kwa makundi, na kutembea boma hadi boma wakiimba na kucheza, hadi wazee wawabariki. Mwaka 1984 Melissa Llewelyn-Davies alitoa filamu juu ya sherehe ya aina hiyo, inayoitwa olamal, huko Loita katika kaunti jirani ya Narok. Filamu hiyo inaonyesha wazi kwamba baraka haikuja kwa urahisi: kuna mabishano makali na wanaume, na wanawake hawarudi nyuma.

Olamal si matanga, nami sitaki kuifanya kuwa matanga. Lakini tazameni ilivyopangwa. Katika mstari mmoja, mwanamke ambaye hajajaliwa mtoto na yule aliyepoteza watoto huimba pamoja na wenye watoto tele. Uchungu wa mmoja unageuka kuwa dai la wote, linalopelekwa kwa miguu mbele ya wenye mamlaka.

Sasa tutazame mikono. Wanawake wamekaa chini ya mgunga, shanga zimemwagwa juu ya kitambaa, uzi wa nailoni umefungwa fundo. Mmoja anatunga kola: nyekundu, nyeupe, buluu, tena nyekundu. Akikosea hesabu, mpangilio wa rangi unavurugika, naye hufumua hadi pale alipokosea. Macho ya kila mmoja yako kwenye uzi, kwa hiyo hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Katika hali hiyo mtu huweza kutamka sentensi moja kuhusu mtoto wake, akanyamaza, akaendelea kutunga, na wenzake nao wakaendelea. Hakuna aliyelazimika kujibu. Maongezi ya namna hiyo ni magumu kupatikana kwenye kiti kilichowekwa mbele ya meza ya mtaalamu.

Ulimwengu mpana unatoa ushahidi huohuo. Mchongaji Mjerumani Käthe Kollwitz alimpoteza mwanawe Peter vitani Ubelgiji mwezi Oktoba 1914. Sanamu zake za wazazi waliopiga magoti zilikamilika mwaka 1932. Miaka kumi na minane mama yule aliianza kazi, akaiacha, akairudia. Mwaka 1942 Marian Chace alianza kutumia dansi kuwasaidia wagonjwa wa akili katika Hospitali ya St. Elizabeths, Washington. Na mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza kwamba aliyefiwa huenda na kurudi: mara anaukabili msiba, mara anashika shughuli za maisha, na kwenda huko na kurudi ndiko kunakomsaidia kuishi.

Sidai kwamba ngoma au shanga zinamrudisha mtoto, au kwamba kila mzazi atazitaka. Anayekosa usingizi na hamu ya kula kwa miezi, au anayetamani kufa, anahitaji daktari, tena mapema. Wala tusiugeuze msiba wa mtu kuwa bidhaa ya kuuzia watalii.

Kwa hiyo naomba haya. Hospitali zetu ziwape wazazi chumba na muda wa kumshika mtoto wao kabla hajaondolewa. Waajiri wa Kitengela na Athi River waweke siku za kufiwa bila kungoja kushurutishwa. Makanisa, misikiti na vyama vya akina mama vianzishe vikao vya kutembea, kuimba na kutunga, na akina baba waalikwe kwa majina yao. Nawe unayenisikiliza, jirani yako akifiwa na mtoto, usimwambie atapata mwingine. Mwambie: "Njoo tutembee kidogo." Akitaka kukueleza habari za mtoto wake, msikilize mpaka amalize; asipotaka, endelea kutembea naye. Na wiki ijayo, rudi ukamwite tena.