Juu ya Kuvaa Vazi la Watu Wengine

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Nachingwea na Ruangwa



Tumetakiwa kusema juu ya jambo ambalo baadhi yenu mwaliona dogo, nalo ni nguo. Kamati imeletewa shauri kwamba siku ya Mei Mosi kundi letu la ngoma lipite mbele ya wageni likiwa limevaa lubega nyekundu za Kimasai, pamoja na shanga na rungu, kwa kuwa vazi hilo lapendeza machoni, na kila mgeni hulitambua mara moja. Katika kundi hilo wamo Wamwera, Wamakua, Wayao, Wangindo, Wamakonde na Mhaya mmoja. Mmasai hamna hata mmoja. Waliounga mkono walikuwa wengi. Waliopinga walikuwa wachache, illa walipinga kwa ukali, hata kikao kikafungwa pasipo mapatano, na fedha za nguo zingali kwa Mtunza Hazina.

Twaomba radhi tukianza mbali, huko Uskoti, maana wenyeji wa nchi ile wamekwisha kubishana juu ya jambo hili kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi. Vazi lao ni kilti, yaani kitambaa cha sufu chenye mistari ya rangi iliyokatana, kimekunjwa marinda nyuma, kimefungwa kiunoni na kufika magotini. Mistari hiyo huitwa tartani. Leo mtu akitaja Mskoti, twamwona moyoni akiwa na kilti yake. Lakini hapo kale kilti haikuwa vazi la Waskoti wote. Ilikuwa vazi la watu wa milimani, wenye koo na ng'ombe na lugha yao wenyewe. Na Waskoti wa nchi ya chini, wenye miji na mashamba, waliwadharau kuwa ni wezi wa mifugo wasiostaarabika. Tena yasimuliwa kwamba kilti hii fupi, iliyotengwa na shuka kubwa la zamani, ilibuniwa na Mwingereza aitwaye Thomas Rawlinson, mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, ili vibarua wake wafanye kazi kwa wepesi. Wako Waskoti wanaokataa habari hiyo, nasi hatuwalaumu. Nani apendaye kuambiwa vazi la babu yake lilikatwa na tajiri wa kiwanda?

Basi mwaka 1746 watu wengi wa milimani walioasi walishindwa vitani mahali paitwapo Culloden. Serikali ya Mfalme George wa Pili ikatunga sheria ya kuwakataza mavazi yao, ikaanza kutumika mwaka 1747. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi sita. Mara ya pili alipelekwa ng'ambo ya bahari kwa miaka saba. Askari wa Mfalme peke yao waliruhusiwa kuivaa. Angalieni vema jambo hilo: nguo ile ile iliyomtia mchunga ng'ombe gerezani ilimpa askari heshima. Sheria ikafutwa mwaka 1782. Kisha mwaka 1822 Mfalme George wa Nne, kitukuu cha yule yule, akazuru Edinburgh, na mwandishi wa vitabu Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe. Mfalme mwenyewe, mnene, wa ukoo uliotoka Ujerumani, akavaa kilti. Na mabwana wa nchi ya chini, ambao baba zao waliiona kuwa nguo ya washenzi, wakajivika vivyo hivyo. Na katika miaka hiyo hiyo wenye vazi walikuwa wakiondolewa katika mabonde yao ili nchi igeuzwe malisho ya kondoo wa matajiri. Mwenye nguo aondoka na mzigo kichwani, na mgeni acheza katika nguo yake.

Leo hapana sheria imzuiayo mtu ye yote kuvaa kilti. Harusini huko huvaliwa hata na wageni waliokodi dukani kwa siku moja, nao Masingasinga wa Uskoti wana tartani yao. Wapo waonao haya wamwonapo mtalii aliyelewa akiivaa kwa mzaha. Lakini neno la kumkataza mgeni halisikiki sana, nasi twaona sababu yake ni nyepesi: Mskoti wa leo hakamatwi njiani kwa kilti yake.

Pengine mwauliza mambo hayo yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu, maana hata pwani yetu kilti imechezewa ngoma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vijana wa Mombasa walikuwa wakishindana katika ngoma ya beni, chama kimoja kikiitwa Kingi na kingine Skochi. Na hawa Skochi walijivika kilti kama askari wa Kiskoti. Huku Tanganyika walikuwako Marini na Arinoti, na vyeo vyao vya kifalme na kijeshi, na beni ikaenda bara pamoja na askari na makarani. Profesa Terence Ranger, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Miaka minane baadaye alikuwa mmoja wa wahariri wawili wa kitabu chenye sura ya Hugh Trevor-Roper juu ya kilti.

Je, wale Skochi wa Mombasa waliwakosea Waskoti? Sisi twasema hapana. Walitwaa nguo ya wenye nguvu, wakaigeuza kuwa yao katika michezo yao. Hapana mtu huko Edinburgh aliyelala njaa au kudharauliwa kwa sababu yao.

Na kanzu je? Hapa yafaa tukae kidogo, maana ni habari yetu wenyewe. Nchi hii ya kusini ilipitiwa na misafara iliyoshuka Kilwa na Lindi, na wengi waliotembea ndani yake walifungwa. Askofu Steere alipowaweka Masasi watumwa waliokombolewa, mwaka 1876, wengi wao walikuwa watu waliotolewa kwao kwa njia hiyo. Katika Unguja ya zamani mtumwa alitambulikana kwa nguo yake: kipande cha merikani au kaniki, kichwa wazi, miguu mitupu. Baada ya utumwa kukomeshwa Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa walinunua kanzu na kofia, na wanawake wao wakanunua kanga za rangi. Walikuwako mabwana wa zamani waliochukizwa, wakiona kwamba watu hao wanavaa kisicho chao. Lakini mtu yule aliyevaa kanzu hakuwa akimwiga bwana wake kwa mzaha. Alikuwa akitangaza mbele ya mji kwamba hana bwana tena. Mwanachama awaye yote asemaye kwamba kila mtu avae vazi la kabila lake tu, na aanze kwa kumvua babu yake kanzu.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale waliopinga kwa kusema ati nguo ni mali ya kabila milele. Wamasai wenyewe zamani walivaa ngozi. Shuka waliletewa na biashara, na leo hutoka viwandani kama shati la karani. Nguo hutembea.

Lakini hatukubaliani na wale wengi pia, na sababu yetu iko hapa hapa wilayani. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa katika bonde la Usangu, na wengi wakaelekezwa mkoa huu wa Lindi pamoja na mifugo yao. Tangu hapo lubega zaonekana minadani. Nanyi mwajua, maana ndio mwandikao majalada, jinsi kesi za ng'ombe kuingia mashamba ya ufuta na mbaazi zilivyotugombanisha. Mara ngapi tumesikia barazani mzee wa kijiji akisema, "wale wa mashuka"? Hakutaja jina la mtu wala kosa lake, alitaja nguo. Kijana wa Kimasai akishuka katika basi na lubega yake, husimamishwa na kuulizwa ng'ombe wako wapi, hata kama amekuja kununua dawa. Na mwaka 1968, katika mkoa wa Arusha, Serikali yetu wenyewe iliwahimiza Wamasai waache lubega na wavae suruali, kwa kuwa waliwatia haya watawala waliotaka nchi ionekane ya kisasa. Tazameni inavyofanana na habari ya milima ya Uskoti, jinsi mwenyewe alivyokatazwa, na baadaye nguo ikatakiwa ipambe sherehe.

Sasa, kundi letu likivaa lubega Mei Mosi, saa kumi na moja jioni tutazivua, tutarudi katika mashati yetu, na kesho yake tutaketi mezani tukipokea malalamiko juu ya watu wa lubega. Sisi twaweza kuivua nguo hiyo pamoja na taabu zake, yeye hawezi. Hapo ndipo tofauti yetu na Skochi wa Mombasa ilipo. Wao walivaa nguo ya aliye juu yao, nasi twataka kuvaa nguo ya jirani ambaye kalamu yetu ina nguvu juu yake.

Bwana mmoja wa Ruangwa alituuliza, mbona sindimba ya Wamakonde yachezwa nchi nzima na hakuna aombaye ruhusa? Swali ni zuri. Twajibu kwamba katika kundi letu Wamakonde wamo, nao ndio wafundishao, na mchezaji akikosea huchekwa na mwenye ngoma yake. Katika lubega nani atatucheka kwa haki?

Basi shauri letu kwa Kamati ni hili. Siku ya mnada ujao watu wawili, mmoja wa Nachingwea na mmoja wa Ruangwa, waende kwa wazee wa wafugaji, wawaamkie kwa adabu, wawaeleze jambo lote. Wakikubali, waalikwe vijana wao wacheze nasi, nao watangulie. Shanga zinunuliwe kwa wake zao kwa bei watakayoitaja wao, si kwa Mhindi wa Lindi wala kwa mchuuzi wa stendi. Rungu zisichukuliwe, na hapana mtu kuigiza maneno ya Kimasai ili wageni wacheke. Wakikataa, iwe basi, tusiulize mara ya pili. Kundi livae kanzu nyeupe na wanawake kanga, vazi ambalo tumekwisha kulilipia. Mtunza Hazina asitoe hata senti moja kabla majibu hayajaletwa.

Maswali tutayapokea sasa, tukianza na wenzetu wa Ruangwa, maana gari lao laondoka saa kumi.