Kuisoma Anwani ya Mtandao Kabla ya Kumwita Fundi



Mtandao unapokatika katika kibanda cha stesheneri, hasara huanza palepale. Mwombaji wa cheti cha kuzaliwa hurudi nyumbani mikono mitupu, na mwenye kibanda humlipa fundi nauli ya kuja kutazama tu. Mara nyingi dalili ya tatizo imo ndani ya kompyuta yenyewe, katika mipangilio ya mtandao, kwenye mstari wa anwani ya IP.

Anwani iliyozoeleka ina namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Inayoanza na 192.168, au na 10, au iliyo kati ya 172.16 na 172.31, ni anwani ya ndani. Mfano wake ni namba ya chumba katika nyumba ya kupanga: nyumba ya jirani nayo yaweza kuwa na chumba namba 3, wala pasiwe na mgongano. Kompyuta yenye anwani hiyo kwa kawaida imekwisha kupokelewa na ruta. Ikiwa bado haifungui kitu, kasoro itafutwe mbele ya hapo, kuanzia kifurushi kilichokwisha, ambacho ndicho husahaulika.

Ya kuangaliwa zaidi ni inayoanza na 169.254. Hiyo kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuomba anwani na kukosa wa kuijibu. Kununua kifurushi kipya hapo ni kutupa fedha. Waya ukazwe, ruta izimwe na kuwashwa tena. Hali isipobadilika, ndipo fundi aitwe. Nayo 127.0.0.1 ni kompyuta ikijiita yenyewe, na haithibitishi kuwa mtandao upo.

Anwani za mpangilio huo hazifiki bilioni 4.3, nazo haziutoshi ulimwengu. Ndiyo sababu ukaundwa mpangilio wa IPv6, wenye makundi ya tarakimu na herufi a hadi f yaliyotengwa kwa nukta pacha. Inayoanza na fe80 haivuki mtandao wa ndani. Isichanganywe na anwani ya MAC, yenye jozi sita tu, ambayo fundi huiomba anapotaka kukiruhusu au kukizuia kifaa kwenye ruta.

Kwa uhaba huohuo, kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Basi anayepiga simu akidai kuwa anwani ya IP ya mkazi imenaswa katika kosa, na kwamba fedha zikitumwa jina litafutwa, asiaminiwe. Anwani peke yake haimtaji mtu. Hata mtoa huduma hulazimika kutazama kumbukumbu zake za saa ile. Madai hayo yakija kwa ujumbe, ujumbe huo upelekwe 15040, namba ya kuripoti utapeli ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.