Tundu la Makula: Nani Asubiri Bila Kisu, na kwa Muda Gani



Mgonjwa akiambiwa kuna tundu katikati ya retina yake, huuliza kwanza: hakuna dawa mpaka nipasuliwe? Sisi wa kliniki za wilaya ndio tunaoulizwa kabla ya daktari bingwa, na majibu yetu mara nyingi ni ama "hakuna", ama "tumia matone haya, urudi baada ya miezi sita". Yote mawili yana kasoro. La pili ndilo linalonitia hofu zaidi.

Tukumbushane chanzo. Makula ndiyo sehemu ya retina tunayosomea na kutambulia sura za watu. Kadiri umri unavyosogea, ute mzito unaojaza jicho hunywea na kujitenga na retina. Kwa wengi huachia salama. Kwa wachache, hasa wanawake waliovuka miaka 60, hung'ang'ania pale katikati na kuvuta hadi makula inachanika. Kipimo cha OCT hutuonesha mvutano huo, na tangu 2013 matundu hupangwa kwa upana: dogo halizidi mikromita 250, la kati hufika 400, kubwa hupita hapo.

Kabla ya 1991 tundu hili lilihesabiwa kuwa halitibiki. Mwaka huo Kelly na Wendel waliripoti kwamba upasuaji wa kutoa ute ulifunga asilimia 58 ya matundu. Leo, kwa matundu madogo na ya kati, upasuaji hufunga zaidi ya asilimia 90. Kila tiba isiyo ya kisu lazima ipimwe dhidi ya namba hiyo.

Ya kwanza kuleta matumaini makubwa ilikuwa sindano ya ocriplasmin, kimeng'enya kinachoyeyusha kile kinachougandisha ute kwenye retina. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Katika majaribio, ilifunga asilimia 40.6 ya matundu, dhidi ya 10.6 kwa waliodungwa sindano isiyo na dawa. Hata hivyo wengi bado walihitaji upasuaji, na baadhi waliona giza au rangi zilizopotoka kwa muda. Mwaka 2020 iliondolewa kwenye soko la Marekani. Anayeisoma kwenye kitabu cha zamani asimwahidi mgonjwa.

Ikaja gesi: mililita 0.3 za C3F8 hudungwa ndani ya jicho, hupanuka, kisha husaidia kuubandua ute. Ni rahisi kuliko ocriplasmin. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa 2021 ulifunga matundu 10 tu kati ya macho 35, na ulisimamishwa mapema, kwa kuwa katika macho 59 yaliyopewa gesi, yakiwemo yenye mvutano bila tundu, 7 yalichanika au kubanduka retina. Na kwetu kuna jambo la kuongeza, ambalo daktari wa nchi tambarare anaweza kulisahau: mgonjwa mwenye gesi jichoni haruhusiwi kupanda ndege, na hata basi la kutoka Mombasa kwenda Nairobi linampandisha zaidi ya mita 1,600. Hewa inapopungua mgandamizo, gesi hutanuka na presha ya jicho hupanda. Aulizwe anakolala kabla ya kudungwa.

Yanabaki matone: steroidi, dawa za kupunguza uvimbe zisizo steroidi, na zile za glakoma kama dorzolamide. Hoja yake inaeleweka. Kingo za tundu zimevimba kwa maji. Maji yakikauka, kingo hulala na kukaribiana. Taarifa zilizopo zinaonesha matundu yaliyofungika hivyo, mengi yakiwa chini ya mikromita 200 na yenye maji kingoni. Lakini hizo ni taarifa za wagonjwa wachache wachache bila kundi la kulinganisha, na tunajua baadhi ya matundu madogo hujifunga yenyewe. Steroidi nayo hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, jambo la kuzingatiwa pale ambapo mgonjwa anaweza kujinunulia chupa nyingine duka la dawa bila cheti.

Kundi ambalo kwangu linastahili kusubiri kwa moyo mkunjufu ni vijana waliopigwa na mpira, jiwe au ngumi. Katika utafiti mmoja wa 2002, matundu 8 kati ya 18 ya aina hiyo yalijifunga. Miezi michache ya uangalizi hapo ina maana.

Kwa mzee, kusubiri kuwe na tarehe ya mwisho. Tundu dogo lenye uvimbe lijaribiwe matone kwa wiki sita hadi nane, presha ya jicho ikipimwa, na OCT irudiwe kwa mashine ileile. Likipanuka, au lisipobadilika, rufaa iende wiki hiyohiyo, kwa sababu tundu lililokaa mwaka mzima hufungika kwa shida, na jicho huona vibaya hata likifungika. Tundu la zaidi ya mikromita 400 lisipewe matone kabisa.

Napendekeza fomu zetu za rufaa ziongezwe mistari mitatu: siku mgonjwa alipoanza kuona mistari imepinda, upana wa tundu, na tarehe matone yalipoanza.